Kuanzisha dawa kuna mwenyewe, kuiondoa hakuna

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo nimelitazama kwa miaka mingi nikiwa mfamasia. Kazi yangu hufanyika kwenye dirisha la dawa, mahali ambapo vyeti vya madaktari wote hukutana, na kwa sababu hiyo huona jambo ambalo daktari aliye katika chumba chake cha kuonea wagonjwa haoni kwa urahisi: mgonjwa yuleyule, mara nyingi mzee, akirudi mwezi hadi mwezi na orodha ya dawa inayorefuka. Kuiona orodha hiyo ikifupika ni nadra. Miongozo ya kitaalamu ya kupunguza dawa zisizo za lazima ipo, na mingine ina umri mkubwa kuliko baadhi ya madaktari wanaotarajiwa kuitumia. Ninachotaka kusema ni kwamba miongozo hiyo imebaki kwenye makabati kwa sababu kazi yenyewe ya kuondoa dawa haijakabidhiwa mtu, na kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki hata kama kila mmoja anakubali kwamba ni ya maana.

Msomaji asidhani kwamba tunazungumzia wazo geni. Mwaka 1991, nchini Marekani, daktari wa magonjwa ya wazee Mark Beers na wenzake walichapisha orodha ya dawa ambazo kwa kawaida hazifai kupewa wazee waishio katika nyumba za kutunzia wazee, na orodha hiyo imeendelea kupitiwa upya, mara ya karibuni mwaka 2023. Mwaka 2008 wataalamu wa Ireland walitoa vigezo vinavyojulikana kwa majina ya STOPP na START, cha kwanza kikieleza dawa za kusimamishwa na cha pili kikieleza dawa ambazo mzee anazihitaji lakini amesahauliwa kupewa. Nchini Kanada, mfamasia Barbara Farrell na wenzake walikwenda hatua moja mbele: kuanzia mwaka 2017 walitoa miongozo inayoeleza, kundi la dawa baada ya kundi, nani apunguziwe, dozi ishushwe kwa mwendo gani, na dalili zipi ziangaliwe baadaye. Mwaka huohuo wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kimataifa ya dawa bila madhara, lenye lengo la kupunguza kwa nusu, katika muda wa miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika, na utumiaji wa dawa nyingi kwa pamoja uliwekwa kuwa moja ya maeneo matatu ya kupewa kipaumbele. Miaka hiyo mitano imeshapita. Tunayoyajua kuhusu jambo hili yanatosha kabisa kuanza kazi.

Dawa isiyo ya lazima inaweza kuwa dawa nzuri iliyoandikwa kwa sababu nzuri, siku ambayo sababu hiyo ilikuwapo. Chukua omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Mgonjwa analazwa, anapewa omeprazoli ili kulinda tumbo lake dhidi ya dawa nyingine anazopewa wodini, anapona, anaruhusiwa kurudi nyumbani, na dawa inaandikwa katika cheti chake cha kutokea bila kutajwa ni ya muda gani. Daktari wa kliniki anayempokea anaikuta kwenye orodha na kudhani kwamba aliyeianzisha alikuwa na sababu ya kudumu. Mwaka unapita, kisha mwingine. Kwa kiungulia cha kawaida, matibabu ya wiki nne hadi nane kwa kawaida hutosha. Baada ya hapo, mwongozo wa Kanada unashauri dozi ipunguzwe, au dawa isimamishwe na kutumiwa tu siku ambazo dalili zimerudi. Mwongozo huohuo unawataja wazi wasiohusika, kama vile mtu aliyewahi kuthibitishwa kuwa na kidonda cha tumbo kilichovuja damu. Nimekutana na wagonjwa wengi wanaoimeza kila asubuhi ambao hawawezi kueleza walianza lini wala kwa nini, na nikipekua faili nakuta kwamba halielezi pia.

Kinachonisikitisha zaidi ni dawa inayozaa dawa. Naomba nieleze yaliyompata mama yangu mzazi, kwa sababu mkasa wake ulinifundisha jambo hili kuliko semina zote nilizohudhuria. Alikuwa akitumia dawa tatu tu: ya kisukari, ya kupunguza lehemu, na amlodipini kwa ajili ya presha. Miguu yake ikaanza kuvimba, na uvimbe wa miguu ni moja ya maudhi yanayojulikana sana ya amlodipini. Lakini daktari wa zamu aliyemwona siku hiyo aliutibu kana kwamba ni ugonjwa mpya, akamwandikia furosemidi ya kumkojoza maji. Furosemidi hupunguza potasiamu mwilini, hivyo akaongezewa vidonge vya potasiamu. Furosemidi pia huweza kupandisha kiwango cha asidi ya yuriki katika damu, na baada ya miezi kadhaa kidole gumba cha mguu kikavimba kwa jongo. Akapewa diklofenaki, dawa ya maumivu, mahali pengine, na kwa kuwa diklofenaki huumiza tumbo, akaongezewa omeprazoli. Kukojoa kila mara kulimkatisha usingizi, naye alipolalamika kwamba halali, aliandikiwa diazepamu. Wakati huo presha yake ilikuwa ikipanda, kwa maana diklofenaki nayo hupandisha presha, na waliomhudumia wakawa wanafikiria kumwongezea dozi ya amlodipini, ile ile ambayo mkasa wote ulianzia kwayo.

Dawa tatu zikawa nane, na tano kati ya hizo hazikuwa na ugonjwa wake zenyewe. Hakuna hata mmoja kati ya wale waliomhudumia aliyefanya kosa ambalo ungeweza kulionyesha kwa kidole na kusema hili hapa; kila cheti, kikisomwa peke yake, kilikuwa na maana. Mimi mwenyewe, mwanawe na mfamasia, sikuliona, kwa sababu sikuwahi kukaa naye na kuzitandaza dawa zote mezani kwa mpangilio wa tarehe zilivyoanza, mpaka usiku mmoja alipoamka kwenda msalani akiwa bado na ulevi wa diazepamu, akaanguka na kuvunjika mkono.

Wataalamu wamelielezea jambo hili, la dawa moja kuzaa cheti kingine, tangu miaka ya 1990. Mwongozo unakuambia kwamba unapomwona mzee mwenye dalili mpya, jiulize kwanza kama dalili hiyo imetokana na dawa anayotumia. Ni swali moja fupi. Lakini kulijibu kunahitaji orodha kamili ya dawa, tarehe ya kuanza kwa kila moja, na mtu ambaye kazi yake ni kuuliza, na katika safari nzima ya mama yangu hapakuwa na mtu wa namna hiyo.

Kuna sababu nyingine ya ndani zaidi, ambayo ni namna miongozo ya tiba yenyewe ilivyoandikwa. Kila ugonjwa una mwongozo wake, na kila mwongozo huandikwa kana kwamba mgonjwa ana ugonjwa huo mmoja tu. Mwaka 2005, Cynthia Boyd na wenzake nchini Marekani walionyesha matokeo yake kwa njia rahisi: walimchukua mgonjwa wa kufikirika, mwanamke wa miaka 79 mwenye presha, kisukari, ugonjwa sugu wa mapafu, mifupa iliyodhoofika na viungo vilivyosagika, kisha wakafuata kwa uaminifu mwongozo wa kila ugonjwa. Mwanamke huyo alitakiwa kutumia dawa 12. Daktari aliyemwandikia dawa zote hizo angekuwa amefuata kanuni. Daktari ambaye angeondoa mbili au tatu angetakiwa kujieleza.

Hapo ndipo penye uzito, na naomba nipatazame kwa utulivu. Daktari anaposimamisha dawa na mgonjwa akapata kiharusi mwezi unaofuata, watu wataunganisha matukio hayo mawili, na familia itakumbuka jina la aliyesimamisha. Anapoiacha dawa iendelee na mgonjwa akaanguka, akachanganyikiwa, au sukari yake ikashuka usiku mpaka akazimia, watu husema ni uzee. Lawama za kuondoa humfuata mtu. Lawama za kuendeleza hazimfuati yeyote. Sidhani kwamba madaktari ni waoga kuliko watu wengine. Mtu yeyote mwenye busara, akiwekwa katika hali kama hiyo, ataacha mambo yalivyo, hasa ikiwa dawa hiyo iliandikwa na daktari bingwa naye ni daktari wa kawaida anayeona haya kugusa maandishi ya mkubwa wake. Mwongozo usioitaja hofu hii wala kumpa daktari kinga ya kitaasisi utaendelea kusomwa kwa heshima na kuwekwa pembeni.

Suala la muda nalo lisidharauliwe. Kurudia cheti cha mwezi uliopita huchukua dakika moja. Kumweleza mgonjwa kwa nini dawa aliyoambiwa aimeze maisha yake yote sasa inafaa kupunguzwa, kumsikiliza anapouliza kama ameonekana hana faida tena, kupanga mwendo wa kushusha dozi na siku ya kurudi, ni kazi ya nusu saa au zaidi. Kliniki inayopimwa kwa idadi ya wagonjwa iliowaona kwa siku inamwadhibu yule anayeifanya kazi hii vizuri.

Je, wagonjwa wenyewe hawataki? Hilo ndilo hudaiwa mara nyingi, nami nililiamini kwa muda mrefu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wazee wa Marekani ulionyesha kwamba asilimia 92 kati yao wangekuwa tayari kuacha dawa moja au zaidi endapo daktari wao angesema inawezekana. Na ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni ule wa Quebec, nchini Kanada, ambako daktari Cara Tannenbaum na wenzake walifanya jambo ambalo kituo chochote kinaweza kulifanya. Waliwapa wazee waliokuwa wakitumia dawa za usingizi za kundi la diazepamu kijitabu kilichoeleza hatari za dawa hizo, njia nyingine za kupata usingizi, na mpango wa kupunguza dozi hatua kwa hatua, pamoja na ushauri kwamba wakazungumze na daktari au mfamasia wao. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, baada ya miezi sita, asilimia 27 ya waliopewa kijitabu walikuwa wameacha dawa hizo, wakati kati ya wasiopewa walioacha walikuwa asilimia 5. Katika utafiti uliofuata, wa mwaka 2018, uliohusu dawa za usingizi pamoja na makundi mengine ya dawa zisizowafaa wazee, wafamasia walimpa mgonjwa kijitabu na wakati huohuo wakampelekea daktari wake maoni ya kitaalamu kwa maandishi. Safari hii walioacha dawa walifika asilimia 43, na katika kundi la kulinganishia walikuwa asilimia 12.

Tazama kilichoongezeka kati ya utafiti wa kwanza na wa pili. Elimu kwa mgonjwa ilikuwapo katika zote mbili. Kilichoongezwa ni mfamasia kupewa jukumu la kuandika na daktari kupata karatasi yenye sababu, ili uamuzi usiwe juu ya kichwa chake peke yake. Uingereza nayo imefuata njia inayofanana. Tangu mwaka 2020, vituo vya huduma ya msingi katika mfumo wao wa afya ya umma vimepewa jukumu la kupitia kwa kina dawa za wagonjwa walio katika hatari zaidi, kazi ambayo kwa sehemu kubwa imeangukia wafamasia, na ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba angalau asilimia 10 ya dawa zinazotolewa katika huduma ya msingi hazikuhitajika.

Nikirudi kwenye dirisha langu la dawa, mabadiliko ninayoyaomba ni ya kawaida kabisa. Cheti cha dawa kiwe na nafasi mbili zisizoruhusiwa kubaki tupu: dawa hii ni ya nini, na itaangaliwa upya lini. Nafasi hizo mbili peke yake zingeokoa saa nyingi ambazo leo tunazitumia kukisia nia ya mtu aliyeandika miaka mitatu iliyopita. Kila mgonjwa anayetumia dawa tano au zaidi awe na mhudumu mmoja aliyetajwa kwa jina katika faili lake, mwenye mamlaka ya kuipitia orodha yote, zikiwamo dawa za mabingwa, kwa kuwasiliana nao. Mapitio hayo yafanyike mgonjwa akiwa ameleta dawa zake zote, za hospitali, za kununua mwenyewe na za mitishamba, kwa sababu orodha iliyo kwenye faili na vidonge vilivyo ndani ya mfuko ni vitu viwili ambavyo mara nyingi havifanani. Na uamuzi wa kusimamisha dawa uandikwe kwa ukamilifu uleule wa uamuzi wa kuianzisha, pamoja na sababu yake, ili mgonjwa akilazwa kwingine asirudishiwe dawa ileile kwa kudhaniwa kwamba ilisahauliwa. Hili la mwisho nimeliona likitokea mara nyingi mno.

Sitaki barua hii imfanye mtu yeyote aende nyumbani na kutupa vidonge vyake. Kusimamisha dawa ghafla kunaweza kuua. Aliyetumia diazepamu au dawa za jamii yake kwa muda mrefu akiacha kwa siku moja anaweza kupata degedege. Ndiyo maana mwongozo unatoa mfano wa kupunguza robo ya dozi kila baada ya wiki mbili, na kwenda polepole zaidi karibu na mwisho. Aliyetumia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, kwa muda mrefu mwili wake umeacha kutengeneza homoni ya kutosha na unahitaji muda wa kuamka. Dawa za moyo za kundi la atenololi na propranololi zikikatizwa ghafla zinaweza kuleta maumivu makali ya kifua, hata mshtuko wa moyo. Dawa za kifafa, za kifua kikuu, za VVU na insulini haziingii kabisa katika mazungumzo ya mgonjwa kuamua peke yake. Kila dawa ipunguzwe kwa zamu yake, moja baada ya nyingine, ili dalili ikitokea ijulikane imetokana na nini, na daima kuwe na tarehe ya kurudi.

Hata mpangilio wa kuziondoa una maana. Kwa mama yangu, daktari aliyekubali kuzipitia zote alianza kwa kubadilisha amlodipini na kumpa dawa ya presha ya kundi lingine, akasubiri miguu ipungue, kisha akaondoa furosemidi na potasiamu. Diklofenaki ilitangulia kutoka kabla ya omeprazoli, kwa kuwa kuondoa kinga ya tumbo wakati kinachoumiza tumbo bado kinamezwa kungekuwa hatari. Diazepamu ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, na zilikuwapo wiki alizotaka kukata tamaa. Omeprazoli ilipoachwa, kiungulia kilirudi kwa siku kumi hivi, na kama tusingekuwa tumeonywa kwamba tumbo huweza kuzalisha asidi nyingi kwa muda mfupi baada ya dawa hiyo kusimamishwa, tungeamini kwamba anaihitaji na kuirudisha. Kazi nzima ilichukua miezi saba. Leo anatumia dawa tatu.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ujanja wa kubana matumizi kwa gharama ya wazee. Naielewa shaka hiyo na naiheshimu, kwa maana mzee anayeambiwa apunguze dawa bila maelezo ana haki ya kuhisi kwamba ameachwa. Jibu langu lipo katika vigezo vya Ireland, ambavyo vilitolewa vikiwa na pande zote mbili tangu mwanzo. Nimewahi kupitia orodha ya mgonjwa mwenye dawa tisa na kukuta kwamba tatu hakuzihitaji, na kwamba ile moja aliyoihitaji kuliko zote, ya kuzuia damu kuganda kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hakuna aliyemwandikia. Mapitio yanayofanywa kwa uaminifu humwongezea mgonjwa dawa pale inapostahili, na anayeyafanya kwa ajili ya kuokoa fedha pekee ataliacha pengo kama hilo bila kuliziba.

Kwa hiyo naomba, kupitia gazeti lako, wakuu wa hospitali na wasimamizi wa huduma za afya watakaoisoma barua hii wachukue faili la mgonjwa mmoja tu katika kituo chao, mzee mwenye dawa tano au zaidi, na waangalie kama limeandikwa jina la mtu mwenye wajibu wa kuzipitia zote pamoja, na tarehe ya mwisho alipofanya hivyo. Wakilikosa jina hilo, waliandike wiki hii.

Wako katika huduma,

Mfamasia na msomaji wa gazeti hili